Nadine na Dume la Korongo la Stahlecker

Mpwa wangu Nadine Bartunek anaendesha greda la kaunti. Barabara zote za vumbi upande wetu wa magharibi, hadi kule nyasi zinakokutana na mbingu, ni yeye anayezilainisha. Ukipita mahali gari halirukiruki, mshukuru Nadine. Ukigonga kichwa kwenye paa la gari, ujue hapo ilikuwa zamu ya Cletus, mwenzake wa kazi. Mimi ni kaka wa mama yake, na ndiye niliyemfundisha upinde. Wapo watakaokwambia alijifunza mwenyewe kwa kupiga marobota ya nyasi nyuma ya ghala. Ghala ni langu, na marobota ni yangu. Sasa alifundishwa na nani kama si mimi?

Kulungu wa huku kwetu, wale wenye masikio makubwa kama ya punda, hawaliogopi greda. Wamezaliwa wakilisikia. Ukitembea kwa miguu, wanakuona ukiwa bado mbali, wanaondoka. Greda likipita karibu na mikia yao, wanatafuna tu. Kwa hiyo Nadine, akiwa juu kwenye kiti chake, anaona nani kalala wapi, na nani amehama kivuli baada ya chakula cha mchana. Ndivyo alivyompata yule dume, mnene wa shingo, pembe zenye matawi kama mti uliopukutika, akiwa amelala kwenye ukingo wa korongo katika ranchi ya mzee Stahlecker.

Lakini Nadine hakuwa na raha. Septemba iliyopita alimpiga dume mmoja aliyekuwa amemkabili uso kwa uso. Mshale uliingia vibaya. Alifuata damu mpaka ikakatika kwenye udongo mgumu, na kesho yake akarudi tena kutafuta, akakosa. Alikuja kwangu uso umemshuka, akakaa mezani bila kuvua kofia. Mwaka mzima hakuwinda tena. Pale karakana ya kaunti Cletus alimchosha kwa utani: "Dada, yule kulungu wako ameshaoa, ana wajukuu." Nadine anacheka, lakini mimi namjua. Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa aliniambia, "Mjomba, nitarusha mshale mmoja tu. Akianguka vizuri, naendelea kuwinda. Nikimtesa mwingine, upinde nautundika, na usiniulize tena."

Siku yenyewe, akiwa anafunga kazi, simu yangu ikalia.

"Mjomba, uko wapi?"

"Nina shughuli."

"Shughuli gani? Nasikia unatafuna mbegu za alizeti. Inuka! Yupo palepale, na Stahlecker anaingiza ng'ombe kesho asubuhi."

Hapo niliinuka. Stahlecker ni mtu mwema, anakuruhusu kuwinda kwake bila maneno, ila ng'ombe wake wakishaingia malishoni, hataki kuona hata mtu mwenye manati. Ilikuwa jioni hiyo au basi.

Nilimkuta ameegesha pikapu yake nyuma ya kilima. Bado alikuwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameshavua ovaroli la kazi, maana lilinuka dizeli, na sasa anavua buti.

"Utakanyaga miiba ya mipungate," nikamwambia.

"Nitakanyaga. Buti zinapiga kelele, Mjomba. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

Sikumbuki kumfundisha hilo, lakini niliona ni jambo la busara, kwa hiyo nadhani nilimfundisha. Alivaa jozi mbili za soksi nene za sufu, moja juu ya nyingine, akaufunga upinde wake mgongoni, ule wa kisasa wenye roda, vigurudumu vya kupitishia ugwe, kila ncha. Kazi yangu ilikuwa kupanda kilima cha upande wa pili na darubini, nimwone kulungu ambaye yeye chini hatamwona, kisha nimpe ishara kwa mikono. Hivyo ndivyo tunavyofanya huku, mmoja anatambaa na mwingine anakuwa macho yake.

"Nikiinua mkono wa kulia, nenda kulia," nikasema. "Wa kushoto, kushoto. Nikivua kofia, simama."

"Sawa. Na usisinzie."

"Mimi?"

Nilijilaza kwenye nyasi kule juu. Kulungu alikuwa chini yangu, amelala kivulini, pembe tu zikicheza nzi wakimsumbua. Ng'ambo yake, Nadine akaanza kushuka akinielekea. Upepo ulimpiga usoni, ukitoka kwa kulungu kwenda kwake, na harufu yangu ikapita juu kwa juu. Hapo sikuwa na wasiwasi.

Wasiwasi ulikuwa nyasi. Zilikuwa zimekauka, kila unyasi unavunjika kama kaukau. Sasa mwangalie alivyofanya. Katika malisho yale Stahlecker ana kinu cha upepo cha kuvutia maji, chakavu, hakijaona mafuta tangu kisimikwe. Upepo ukija, kinalia kwiii, kwiii. Nadine anatembea kinapolia. Kikinyamaza, anaganda, mguu ukiwa chini au juu. Niliwahi kuona watu wakicheza ngoma vibaya kuliko hivyo na wakapigiwa makofi.

Halafu upepo ukafa kabisa. Kinu kikanyamaza, na Nadine kasimama mguu mmoja katikati ya mbuga, mguu wa pili hewani, na pale alipotaka kuuweka pana mpungate. Niliuona kwenye darubini. Jasho likamshuka. Hakusogea. Mimi mguu wangu ukaanza kuuma kwa niaba yake. "Vumilia, mama," nikamnong'oneza, kana kwamba angesikia. Kinu kikalia tena, akaweka mguu palepale penye miiba, kwa sababu hapakuwa na pengine, na hata uso hakuukunja.

Jua likashuka, kivuli kikahama, na dume naye akahama nacho. Aliinuka, akajinyoosha, akaenda kulala tena upande wangu wa kushoto. Nikainua mkono wa kushoto, juu kabisa. Nadine akaniona. Akaenda kushoto.

Kushoto kwake.

Nilikuwa nimemkabili, jamani. Kushoto kwangu ni kulia kwake. Miaka yote hii tunawinda pamoja na hatukuwahi kuelewana ni kushoto kwa nani, kwa sababu siku zote nilikuwa nyuma yake. Nikainua mkono wa kulia kumrudisha, yeye akasimama akashangaa. Nikainua yote miwili. Nikavua kofia, nikaivaa, nikaivua. Baadaye aliniambia alidhani nimeshambuliwa na nyigu. Akaamua kuniacha na nyigu wangu, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye kichaka kando ya hodhi la maji la kinu. Dume alikuwa mbali, upande usio wake, na jua limebaki shubiri moja. Nikasema moyoni, Verlin, umemmaliza mtoto wa dada yako.

Sasa kulungu akapata kiu.

Aliinuka, akatikisa masikio, akaanza kuja majini. Yaani anamfuata Nadine mwenyewe alipojificha! Kama angekuwa pale nilipotaka kumpeleka, dume angempa mgongo na kuondoka zake. Watu wakinisifu kwa hilo huwa sikatai.

Alikuja polepole, akisimama, akinusa. Karibu, akakaribia zaidi, mpaka nikasahau kupumua. Nadine akapiga goti, akavuta upinde. Dume akasimama mbele yake, karibu kiasi cha kumrushia kofia. Lakini alikuwa amemkabili. Uso kwa uso, kifua mbele, vilevile kama yule wa mwaka jana.

"Piga," nikasema kwenye nyasi. "Piga, Nadine, piga!"

Hakupiga. Aliushikilia ugwe mpaka nikaona kiwiko kinatetemeka. Dume akainua kichwa, akamtazama. Roda zinakupunguzia uzito wa ugwe, unapumzika kidogo, lakini si milele. Mimi kule juu nimeuma kofia. Na Nadine, akiwa ameona pembe zile kwa karibu kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu, akaurudisha ugwe taratibu, mshale ungali mahali pake. Akamwacha.

Nilitamani kulia. Kinu kikaanza kulia badala yangu. Dume akashusha kichwa, akapiga hatua kuelekea hodhi, ubavu wote ukawa wazi, akainama kunywa. Nadine akavuta tena kwa mkono uliokwisha kuchoka. Sikuuona mshale. Nilisikia tu, pwa! Dume akaruka, akakimbia, akapotea nyuma ya ukingo wa korongo.

Niliteremka kile kilima kama kijana. Nilimkuta amekaa chini, upinde mapajani, soksi zimejaa miiba kama nungunungu.

"Twende!" nikasema. "Twende tumfuate!"

"Kaa, Mjomba."

"Giza linakuja!"

"Mwaka jana nilikimbilia. Kaa."

Nikakaa. Alichomoa miiba mguuni mmoja mmoja, na kila mwiba akitazama kule korongoni. Alipoona imetosha akainuka, akaenda pale mshale ulipompata dume, akainama. Damu ilikuwa nyingi, nyekundu ya kung'aa, ya mapafu. Alitembea nikimfuata, akazunguka ukingo wa korongo, akasimama.

Dume alikuwa pale. Hakufika mbali. Alilala kwa ubavu kama aliyelala kivulini mchana, na mshale ulikuwa umepita palipotakiwa.

Nadine akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye shingo ile nene, akakaa hivyo. Halafu akageuka, machozi yamechora mifereji kwenye vumbi la kaunti, anacheka.

"Mjomba, zile ishara zako zilimaanisha nini hasa?"

"Zilimaanisha ukae penye maji."

"Muongo wewe! Shika miguu ya nyuma."

"Mgongo wangu, unajua…"

"Shika, Mjomba. Na kesho utamwambia Cletus mwenyewe kwamba huyu hakwenda kuoa, kwa kinywa chako, mbele yangu."

Nikashika. Dume alikuwa mzito kama jokofu, na Nadine bila buti, anavuta mbele, ananicheka njia nzima.