Hevi Metali Yetu ya Diani

Nilianza kupenda hevi metali, ule muziki wa magitaa na kelele, nikiwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Wageni wa Kijerumani walikuwa wakiacha kaseti vyumbani wanapoondoka, na fundi wa umeme wa hoteli, aliyetunza spika za bendi, alikuwa akiziokota. Wazazi wake walihamia kutoka bara wakawa wanalima milimani, juu ya Kwale. Yeye na mdogo wake walipanga chumba Ukunda, na huyo mdogo aliuza mitumba karibu na soko. Mimi ni Mdigo wa Msambweni, mwenyeji wa pwani ile. Kilichotuunganisha mimi na fundi ni zile kelele tu.

Mchana, mashine za kufulia zikishazimwa, tulikaa juu ya marobota ya shuka tukawasha redio kaseti yake. Nyimbo zilikuwa ndefu, za vita, za wafalme na farasi na mapanga. Maneno mengi hatukuyaelewa. Tulikuwa tukingoja pale katikati, ngoma zinapopungua na gitaa likaachwa lilie peke yake. Hapo fundi alifumba macho na kuinua kidole, ati nisipumue.

Jumamosi moja nilimleta nyumbani na kaseti zake.

"Shikamoo mama," alimwambia mama.

"Marahaba mwanangu, karibu." Mama alisikiliza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Huyu anayelia hivi, amefiwa na nani?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Alimpa samaki wa kupaka, na tangu siku hiyo akawa akimwita mwanangu wa pili.

Kisha ukaja mwaka wa ghasia. Zilianzia Likoni zikashuka hadi kwetu. Watu wa bara walichomewa nyumba na vibanda, wakaambiwa warudi kwao. Mdogo wake fundi aliuawa pale pale kwenye mitumba yake. Habari hiyo nililetewa na mpishi wa hoteli. Nilipofika Ukunda nilikuta mabati yaliyoungua, na fundi alikuwa ameshaondoka na maiti. Wageni walikimbia, hoteli ikafungwa, nikarudi Msambweni kulima mihogo. Mama alilia kama aliyefiwa na wa tumboni mwake.

Hoteli ilipofunguliwa tena niliitwa kazini. Mjerumani mmoja wa zamani, mwenye nywele ndefu za mvi, alirudi akaniletea kaseti mpya. Niliiweka kwa hamu, nikashangaa. Gitaa lilikuwa limeshushwa sauti likinguruma chini kama trekta. Mwimbaji alikuwa mara anaongea haraka haraka, mara ananong'ona, mara anapiga ukelele. Nilingoja gitaa lilie peke yake. Halikulia, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Niliona wametuharibia. Na kilichoniuma zaidi ni kuwa mtu pekee wa kumwambia hayo hakuwapo.

Fundi alikuja siku moja bila taarifa kuchukua cheti chake cha kazi. Alikuwa amekonda. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye chumba cha kufulia, nikaweka kaseti yetu tuliyoipenda kuliko zote. Ngoma zilipoingia tu, aliruka akaizima.

"Iache hiyo, ndugu yangu. Wanaimba vita kama harusi."

"Ni wimbo wetu."

"Ulikuwa wetu. Nilikuwa sijaona kitu."

Nikamwekea ile mpya, ili angalau tuicheke pamoja. Hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasikiliza yule mwimbaji akinong'ona kisha akilia kwa sauti kama aliyepigwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwa nimewahi kumwona akitoa machozi.

"Huyu hasifu chochote," aliniambia. "Anaumia tu. Tena hana gitaa la kumpamba."

"Lakini si hevi metali hii," nilimjibu, nikasikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa ndogo.

"Basi mimi nimeihama."

Aliniomba ile kaseti mpya nikampa. Zile za zamani, ambazo zilikuwa zake na zilibaki pale kufulia, aliniachia zote. Nilimwambia kuwa mama anamwulizia kila siku, afike Msambweni japo ale.

"Mwambie shikamoo. Njia ile siiwezi."

Nilimsindikiza mpaka getini. Alinipa mkono, akanivuta akanikumbatia, akaenda zake. Sikumwona tena wala sikupata anwani yake. Mama nilimfikishia salamu. Aliitikia "Marahaba," akaingia jikoni akafunga mlango.

Mjerumani aliendelea kuniletea kaseti, kila mwaka gitaa likizidi kushuka. Bado nazipenda za zamani. Ila nikiwa peke yangu na mashine zimezimwa, mara nyingine naanza kubishana kwa sauti, nikitetea gitaa, mpaka wenzangu wanachungulia mlangoni kuona ninaongea na nani.