Hodi Saba Zilizopotea San Melchor

Saa moja asubuhi ya Alhamisi, Hermelinda Yescas yuko mita kumi na nane juu ya ardhi. Mguu mmoja umekanyaga chuma cha mnara, wa pili unatafuta pa kukanyaga. Chini yake mumewe, Rutilio, ameshika kamba ya usalama kwa mikono miwili, na kahawa yake inapoa juu ya jiwe.

Rutilio anamuuliza anaona nini. Kicheko kinashuka kutoka juu, kirefu, cha mtu ambaye hajalala vizuri siku mbili.

“Nimempata mwizi wetu,” anasema Hermelinda. “Tena tulimpamba wenyewe.”

Hermelinda, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ndiye fundi wa mtandao wa San Melchor Yagalá, kijiji cha milimani Oaxaca, kusini mwa Meksiko. Mtandao ni mali ya kijiji. Mnara ulisimamishwa kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na ndoo ya mchanga. Nyumba sitini na mbili zimeunganishwa, pamoja na shule na zahanati. Yeye hulipwa peso elfu tatu na mia mbili kwa mwezi, na zisipotosha hurudi kwenye sindano, kwani kabla ya haya alikuwa mdarizi.

Wengi huuliza mdarizi aliingiaje kwenye kebo. Anasema aliingia kwa mlango ulio wazi. Mkufunzi alipokuja kutoka mjini na kuichuna kebo, ndani zikatokea nyaya nane nyembamba za rangi, na kila moja ina mahali pake kwenye kichwa cha plastiki cha kebo. Wanaume wanne walioteuliwa kujifunza wakaanza kusugua macho. Yeye alikuwa amewapelekea chakula tu, tamale za unga wa mahindi.

“Chungwa, kijani, buluu, kahawia, kila moja na pacha wake mweupe,” anasema. “Nikajiambia, kumbe ni darizi hii. Nikakaa chini, nikafunga vichwa vitatu kabla tamale hazijapoa.”

Mkutano wa kijiji ukampa kazi kwa mwaka mmoja, wa majaribio. Mwaka huo unaisha Jumapili hii. Ama atapigiwa kura aendelee na kuuvusha mtandao ng’ambo ya korongo hadi kitongoji cha Los Ocotes, kama alivyoahidi, ama mnara utakodishwa kwa kampuni ya mjini. Anayeipigia debe kampuni ni Mzee Filemón Yescas, kiongozi wa waashi, ambaye pia ni baba mdogo wa Rutilio. Tangu mwanzo alisema mnara si mahali pa mwanamke, na anapenda kulirudia neno lake hata asipoulizwa.

Ndipo Jumanne, siku tano kabla ya kura, mtandao ukaanza kukatika.

Kuna kitu Hermelinda hukifanya kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Kompyuta yake hupiga hodi kumi kwenye antena ya mlima wa pili, huko mtandao unakotokea, kisha huhesabu majibu. Siku njema majibu ni kumi. Jumanne jioni yalirudi matatu. Hodi saba zilipotea hewani.

Alianza chini, kama alivyofundishwa. Akapima umeme, akapima betri. Akaingia kwenye chumba kidogo kando ya ofisi ya kijiji ambamo vifaa vyake vimepangwa juu ya rafu ya mbao. Hapo ndipo alinieleza, mimi niliyekuja kuandika habari zake, kwa nini hachanganyi kazi za visanduku viwili vinavyofanana kwa kila kitu, hata taa.

“Huyu swichi ni mwenye nyumba ya wapangaji,” anasema. “Anajua nani yuko chumba gani, barua ya chumba cha nne haitupi cha saba. Lakini ya nje ya kijiji hayajui. Mwenye kujua njia ya kwenda kwa wengine ni rauta, yule pale. Mmoja akiugua, dalili si sawa na za mwenzake.”

Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Shule iliiona zahanati, zahanati ikaiona ofisi. Barua za ndani zilifika zote, za nje tu ndizo zilipotea. Alibadilisha kebo ya mnara, akafunga vichwa vipya, akazima rauta na kuiwasha. Jumatano mvua ilinyesha mchana kutwa, ikawa hodi tisa zinapotea kati ya kumi. Sokoni wakamsalimia kwa upole unaotisha. Mzee Filemón alipita mbele ya nyumba yake mara mbili, na hana shamba upande huo.

Sasa, Jumanne ilikuwa tarehe tatu Mei. Siku hiyo waashi wa milima hii husimamisha msalaba kwenye kila jengo linaloendelea kujengwa, hupiga fataki na kunywa mezkali, pombe kali ya huko. Mnara ulikuwa umeongezwa mita mbili mwezi Aprili, kwa hiyo kwa hesabu ya waashi nao ni jengo. Wakaupandishia msalaba wa mbao ya msonobari, umevikwa maua ya karatasi ya fedha inayomeremeta, wakaufunga kileleni. Mlezi wa msalaba huo ni Mzee Filemón mwenyewe.

Kutoka chini ulionekana kando ya antena. Ukipanda, unakuta uko mbele yake, pua kwa pua. Mawimbi ya antena yanataka njia iliyonyooka na nyeupe, na hapa yalipewa mbao mbichi, maji ya mvua na karatasi ya chuma.

“Siku mbili napita hapa chini nafanya ishara ya msalaba,” Hermelinda anasema, machozi ya kicheko yakimtoka. “Naomba mtandao urudi. Namwomba aliyeuziba.”

Kuuona msalaba ni jambo moja, kuusogeza ni lingine. Hakuna mtu San Melchor anayegusa msalaba bila ruhusa ya mlezi wake. Mwanamke akiushusha peke yake, siku tatu kabla ya mkutano, kura yake imekwisha kabla haijapigwa. Rutilio alishauri waende kwa mzee na chupa. Hermelinda alikwenda na simu.

Walimkuta Mzee Filemón uani kwake anapepeta maharagwe. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba msalaba haujawahi kumziba mtu. Hermelinda hakubishana naye. Alimwomba tu aje mnarani na waashi wawili, na ampigie simu ya video bintiye Nayeli aliyeko Los Angeles.

Kwa hiyo saa tatu asubuhi mzee amesimama chini ya mnara, simu mbele ya uso. Kwenye kioo Nayeli ameganda, mdomo wazi, na mtoto mapajani mwake ni doa la rangi tu. Juu, waashi wanalegeza kamba.

“Sogezeni urefu wa mkono mmoja, upande wa kanisa,” Hermelinda anawaambia. “Polepole, ni mgeni wetu.”

Msalaba unasogea. Doa linapata macho, kisha meno mawili. Mtoto anashuka mapajani, anatambaa kuelekea simu, na mzee anarudi nyuma hatua moja kana kwamba atagongwa. Hakuwahi kumwona akitambaa.

Halafu akanigeukia mimi, mwandishi. “Andika kwamba msalaba umesogea kwa hiari yake.”

“Ataandika hivyo, baba,” akadakia Hermelinda. “Na mlezi alikuwepo kushuhudia.”

Jumapili ukumbi ulijaa hadi barazani. Mwakilishi wa kampuni alikuwa ameacha karatasi nzuri za rangi. Mzee Filemón aliposimama, Rutilio alinishika mkono bila kujua.

“Niliiunga mkono kampuni,” mzee alisema. “Sasa nauliza tu. Siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, kampuni ingekuwa wapi? Huyu mkwe wangu alikuwa juu. Mimi mkono wangu huu hapa.”

Ukumbi ulicheka, mikono ikainuka. Katibu alihesabu mia moja na kumi na nane, akaacha kuhesabu kwa sababu waliopinga walikuwa wanne. Hermelinda alificha uso kwenye shali yake, akalia kwa furaha na hakuomba radhi.

Msaragambo wa Los Ocotes utaanza mwezi Juni. Nyumba ni kumi na nne, antena mbili zinatosha, na waashi wa Mzee Filemón wamejitolea kujenga msingi. Nilimuuliza ataanza kuunganisha nyumba ipi.

Alinipeleka dirishani na kunionyesha paa la bati ng’ambo ya korongo. Ni mwendo wa saa tano kwa miguu, na mama yake, mwenye miaka sabini na sita, hawezi tena kuutembea.

“Nimewaunganisha watu hadi Los Angeles,” alisema. “Mama yangu, moshi wa jiko lake nauona kila siku. Sasa nataka aniambie mwenyewe amepika nini.”