Udongo kwenye Midomo ya Mizinga

Wanawake wa bonde la Naviundu walimcheka Léonie: wao wana maboga, yeye ana maboga na wadudu. Walicheka mpaka mavuno yalipofika. Ua la boga lisilotembelewa na nyuki hunyauka na kudondoka pamoja na kiboga chake, na maua ya Léonie hayakudondoka. Basi wakaanza kusogeza mashamba yao karibu na mizinga yake ya magome, kimyakimya, bila haya. Aliyesogea kuliko wote ni jirani yake Kalaba, ambaye nyuki aliwaogopa kuliko chui.

Léonie alizaliwa papa hapa Lubumbashi, siku hizo ikiitwa Elisabethville. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kutandika reli. Kasai yenyewe Léonie hakuwahi kuiona. Lakini jimbo hili la Katanga lilipojitenga na Kongo, kuzaliwa hapa hakukumsaidia mtu ambaye asili yake ni kwingine. Nyumba za watu wa Kasai zikaanza kuchomwa, na mwaka uliofuata ikaja habari kwamba camion, lori la askari wa Umoja wa Mataifa, litapita alasiri kuchukua familia kuzipeleka kambini.

Kwa kawaida, akihamisha mzinga, aliuziba mdomo kwa nyasi kavu ili nyuki wapumue. Siku ile, akitaka kwenda na mizinga yake, aliwafikiria watoto watakaobanana kwenye camion, akaona nyasi zitachomoka kwa mitikisiko na nyuki watawauma. Akaziba kwa udongo wa mtoni. Safari ni fupi, alijiambia, watavumilia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Dereva alimsikiliza akiombea mizinga nafasi mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa: watapanda watu tu.

"Camion iko ya bantu, mama. Hapana ya njuki."

Léonie akageuka akimbilie mtoni kuizibua mizinga, ila vijana wenye mapanga walikuwa wameshatokea upande wa mashamba. Mumewe, Clément, alimkamata kiunoni akamrusha juu ya camion, katikati ya magodoro na watoto wanaolia.

Kambini jua la Septemba liliwaka juu ya vibanda vya magunia, na Léonie hakula. Kila joto lilipozidi aliiona mizinga. Clément alimwambia aone aibu: watu wamezika ndugu zao wiki hii, yeye analilia wadudu. Alisema kweli, ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Ni miye mwenyewe nilibafunga, Clément. Kama ni bale bantu balichoma mizinga, ningenyamaza."

Asubuhi moja, kabla watu hawajaamka, alijifunika kitambaa mpaka machoni akatoka bila kuaga, akafuata njia ya mtoni. Alimkuta Kalaba akichota maji. Ndoo ilimponyoka. Kalaba alimsihi arudi, kwani watu bado wanauliza jina lake. Léonie alimwuliza jambo moja tu, kama aliizibua mizinga. Kalaba akatazama maji.

"Nilibasikia, ma Léonie. Balilia muchana muzima, hata mu nyumba nilibasikia. Magaribi balinyamaza. Niliogopa njuki. Na bantu, niliogopa."

Léonie akaenda kwenye mizinga, akauvunja udongo kwa kisu. Ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama chungu. Mzinga baada ya mzinga, nyuki walimwagika lundo zima, wamekufa, wamelowa asali ya masega yaliyoyeyuka kwa joto lao wenyewe. Alitia mkono hadi kiwiko akitafuta chochote kinachotikisika, asikipate. Hapo akakaa chini akalia bila kujali nani anamsikia. Aliwalilia nyuki, akaililia nyumba, akamlilia na baba yake aliyetandika reli ya watu hawa, leo binti yake anaulizwa ametoka wapi.

Jua likapanda. Maua ya maboga yakafunguka, tele, ya manjano, na hakuna nyuki aliyevuma juu yake. Ua la boga hungoja asubuhi moja tu. Léonie alifuta mikono, akachuma ua dume, akalisugua ndani ya ua jike, lile lenye kiboga shingoni, unga wa ua ukashika, kazi ya nyuki. Akaenda kwa lingine. Kalaba akamwuliza anajisumbulia nini, na haya maboga hatayala yeye.

"Najua. Utakula weye na batoto bako. Angalia mukono yangu."

Kalaba aliangalia, akachuma ua lake, akaanza mstari wa pili huku machozi yakimtiririka. Léonie hakumwambia kwamba amemsamehe, kwa sababu hakuwa na hakika. Alimwambia tu awahi kila asubuhi.

Hawajamaliza mistari yao, sauti za wanaume zikasikika zikiteremka njiani. Léonie alijilaza kifudifudi chini ya majani ya maboga. Kalaba akajipangusa uso, akapanda kwenda kuwakabili. Aliwaambia wasithubutu kushuka, kwamba yule mwanamke wa Kasai alikimbia akaacha mizinga wazi, na nyuki wametoka na hasira zao.

Wanaume wakasimama, wakanong'onezana. Léonie, mikono ikimnata asali hadi viwikoni, alisikia hatua zao zikirudi nyuma, kwa kuogopa nyuki ambao hakubaki hata mmoja.