Nilisema "moja", Mama Keji akasikia "moya": begonia zangu za Juba

Wakuu, salamu huko mliko. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chekeni tu, ila msome mpaka mwisho.

Mimi ni Mkenya wa Limuru. Sudan Kusini ilipopata uhuru na bendera mpya kupandishwa Juba, nilikuja kutafuta maisha, nikajenga greenhouse ndogo mtaa wa Lemon Gaba, nikawa nauza maua ya vyungu pale soko la Custom.

Kipenzi changu kilikuwa begonia za baridi, zile za kuchanua usiku ukiwa mrefu.

Ndiyo, baridi, Juba!

Nilitandaza neti ya kivuli juu, na jioni mapema nazifunika turubai jeusi zidhani msimu umefika. Zikachanua. Watu wa Custom waliniita kichaa, halafu wakanunua.

Mche wa kwanza nilipewa na marehemu mama yangu. Hizi hazina mbegu, unapandikiza jani. Zikifa zote ndiyo basi, na mimi kitu kingine cha mama sina.

Kisha vita vikaanza. Risasi mtaani, gari la kwenda mpakani Nimule linaunguruma, nafasi ni yangu tu, si ya vyungu.

Nikakimbilia kwa jirani, Mama Keji, mjane ambaye mguu mbovu ulimzuia kusafiri. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Begonia ikizidishiwa maji inaoza, kwa hiyo nikamwonyesha kopo, nikainua kidole: "Wiki, moja! Moja tu!"

"Moya, moya," akaitikia huku akinisukuma garini.

Kule Limuru nilishazililia.

Hali ilipotulia nikarudi. Neti imeibiwa, plastiki imechanika, jua linachoma mpaka ndani. Na begonia ziko hai! Zimekonda, lakini hai.

"Wewe ilisema moya," akaniambia. "Mimi ilileta moya kila siku, asubuhi na jioni."

Hapo ndipo nikakumbuka. Moya, kwa Kiarabu cha Juba, ni maji.

Wakuu, nililia. Mji hauna hata gari la maji, na huyu mama anagawana jerikeni lake la kunywa na maua yangu. Angenielewa, kwa jua lile zingekauka zote.

Nilipomweleza alicheka akashika mbavu. "Kumbe wewe hapana jua kusema!"

Nilichojifunza: ukilazimika kuacha kitu unachokipenda, mwachie mwenye roho nzuri. Maelekezo yatajipanga yenyewe.

Nani mwingine aliwahi kuokolewa na jirani ambaye hata lugha hawaelewani? Tiririkeni hapo chini, nitasoma zote.

Ila nikichelewa kujibu mnivumilie. Kwanza nampelekea Mama Keji maji yake.