Ini la Muuza Asali

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu wa kike kwenda kupigwa picha ya MRI, Dar es Salaam. Wakamvua pete, bangili, hata pini za ushungi, maana mashine ile ni sumaku, wakamlaza, wakamwingiza ndani ya tundu lake. Mimi nikabaki nje ya mlango nikiisikiliza inavyogonga, utadhani wahunzi wamegombana. Baadaye daktari, binti mdogo tu, akatuonyesha ini lenye uvimbe kwenye kioo. Walikuwa wamemchoma dawa ya mshipani, akasema, na uvimbe umeinywa dawa ile upesi, kisha ukaitema upesi kuliko nyama ya ini iliyouzunguka. Hivyo ndivyo saratani ya ini inavyojulikana siku hizi bila kumpasua mtu. Chanzo chake ni virusi vya homa ya ini, ambavyo huenda amekaa navyo tangu utotoni, maana watu huambukizana humo humo ndani ya familia.

"Na pombe?" nikamuuliza.

"Mama, saratani hii inampata hata asiyejua ladha ya pombe."

Mdogo wangu akaanza kulia. Mimi, Mungu anisamehe, sikulia. Nilishikwa na hasira, kwa sababu baba yetu alikufa Tabora na tumbo la namna hiyo hiyo, na watu wakamzika kama mlevi.

Baba alikuwa muuza asali Kanyenye, mtaa wetu wa Tabora. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa sukari ilikuwa ya kupanga foleni, kwa hiyo asali ilitafutwa kweli kweli. Warina asali wa Usinge walimletea kwa madebe. Baba hakununua kwa macho. Alitia kidole ndani ya debe, akalamba, akafumba macho, ndipo aseme naitaka au siitaki. Asali yenye maji huchacha, na iliyochacha haifai kuuzwa dukani, inafaa kupikiwa wanzuki, pombe yetu ya asali. Warina wale walipohamishiwa vijijini, mbali na mizinga yao, wakawa wanarina haraka haraka kabla asali haijakomaa, na madebe mengi yakaja yamechacha. Baba akayaonja yote. Kanzu yake ikanuka wanzuki mchana kutwa, na majirani zetu, Mungu aliwajalia pua.

Halafu akaanza kukonda. Tumbo likavimba upande wa kulia, macho yakawa ya manjano. Akaenda hospitali na kaka yake, baba mkubwa wetu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi na mwenye nyumba tuliyokaa. Mimi, msichana niliyekwisha kuposwa, nilifuatana nao. MRI gani siku zile! Daktari alikuwa na vidole vyake tu. Akaminya chini ya mbavu, baba akakunja uso, daktari akasema ini limevimba na limekuwa gumu.

"Mzee, unakunywa?"

"Sinywi. Sijawahi."

Daktari akacheka. "Wote husema hivyo."

Baba mkubwa hakuhitaji zaidi ya hapo. Alasiri ile ile Kanyenye nzima ikawa inajua. Msikitini watu wakajitenga naye kulia na kushoto, kama kwamba ana ukurutu. Wanawake waliozoea kununua kwetu asali ya kikohozi cha watoto wakawa wanapita mbele ya duka bila salamu, wakisema kwa sauti ili nisikie, "Lisemwalo lipo." Lipo wapi? Wapumbavu wakubwa! Baba alipoapa kwamba pombe haijagusa koo lake, kaka yake akamjibu mbele ya wageni, "Kisebusebu na kiroho papo." Nilimchukia mzee yule. Amekufa zamani na bado namchukia.

Kufa baba hakukuogopa. Alitaka mtu mmoja tu amwamini kabla hajaondoka. Aliomba hata apasuliwe, watazame wenyewe humo tumboni. Baba mkubwa akasema mwili wa Muislamu hauchezewi. Basi akabaki na mama. Kila akifutwa jasho anamwambia, "Mke wangu, wewe unanijua." Mama anakamua kitambaa.

Asubuhi moja baba mkubwa alikuwa amekaa kando ya kitanda. Baba akaomba maji ya asali. Mama akayakoroga mwenyewe, kisha, kabla ya kumpa, akakiinua kikombe akakinusa. Baba alimwona. Akageukia ukutani, kikombe hakukipokea, na hakumwambia tena mama kwamba anamjua. Wiki ile hakuimaliza.

Kwa hiyo kutoka Dar es Salaam nilipanda treni moja kwa moja hadi Tabora. Mama yu hai, macho yamefifia lakini akili ipo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumchoma nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza ugonjwa wa mdogo wangu. Akalia, nami nikamwacha alie. Aliponyamaza nikasema, "Na baba ulikuwa ugonjwa huu huu. Hakunywa pombe."

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nimelala na mwanamume miaka yote ile, anywe nisijue?"

Nilidhani amechanganyikiwa. "Sasa kikombe ulikinusia nini?"

"Shemeji alikuwa amekaa pale. Alishaniambia, ukimtetea mlevi, siku akifa utatoka nyumbani kwangu na wanao. Ningewapeleka wapi?"

Maneno yangu yote ya kwenye treni yakanipotea. Nikabaki na moja tu, nikamtupia hilo hilo, kwa sauti ambayo hairuhusiwi kwa mzazi: "Lakini yeye alikufa akiamini kwamba humwamini!"

Mama akanyoosha mkono akitafuta wangu. Nikaurudisha nyuma.

"Najua," akasema. "Na hilo pia najua."