Beseni la Mahindi

Ng'ombe yule alizaa mwishoni mwa kiangazi, wakati mbaya kuliko wote huku kwetu Busi. Vilima vilikuwa vimekauka, na mabua tuliyoweka tangu mavuno yalibaki rundo dogo nyuma ya nyumba. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, na mwili wenyewe ulikuwa bado haujakomaa. Alijifungua salama, ndama jike mwekundu. Wiki tatu baadaye ungeweza kuhesabu mbavu za ng'ombe ukiwa umesimama barabarani.

Alikuwa mali ya mama mkwe wangu. Ng'ombe aliyemzaa huyu alikufa kwa ukame wa mwaka uliopita, na katika uzao wa ng'ombe ambaye mama alipewa na baba yake mzazi, alikuwa amebaki huyu tu. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba, hawezi tena kuinama bandani wala kubeba ndoo, kwa hiyo alinikabidhi mimi. Mume wangu ni dereva wa lori, hukaa safarini wiki mbili, wakati mwingine tatu. Nyumbani tulikuwa mama na mimi.

Mimi nimekulia Zuzu, kwa baba fundi cherehani. Ng'ombe niliwaona wakipita. Mama alilijua hilo, na maagizo yake yalikuwa machache ili nisiyasahau. Maziwa yote ni ya ndama, sisi tutakunywa chai ya rangi. Mabua niyakatekate, niyanyunyizie maji ya chumvi. Pumba ni kopo moja asubuhi na moja jioni, zikiwa na mashudu ya alizeti kidogo, na nisiongeze mpaka yeye aseme. Alinieleza kwamba tumbo la mnyama huyu limezoea kidogo, na tukilijaza kwa ghafla litagoma.

Nilifuata. Lakini kila siku ndama alizidi kupata nguvu na mama yake alizidi kukonda. Ndama akinyonya alikuwa akikipiga kiwele kwa kichwa, na ng'ombe anayumba, miguu ya nyuma ikitafuta pa kukanyaga. Nilikuwa nikisimama pale na kopo tupu mkononi, roho inaniuma. Kisha siku moja wifi yangu, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, alipita, akasimama mlangoni pa banda akatazama kwa muda mrefu.

"Ng'ombe wa mama atakufia mikononi mwako," akasema, akaenda zake.

Kesho yake mama alikwenda msibani kwa jirani. Stoo kulikuwa na nusu gunia la mahindi yaliyobunguliwa, niliyoyapeleka mashineni yakavunjwevunjwe kwa ajili ya kuku. Nilijaza beseni, nikampelekea. Sijawahi kumwona mnyama akila vile. Alilamba mpaka beseni likasukumwa ukutani. Nilifurahi kama mtu aliyempikia mgonjwa akaona sahani imeisha, nikarudi stoo nikamwongezea. Mama aliporudi, beseni lilikuwa limeoshwa na kuanikwa.

Asubuhi nilimkuta ng'ombe amesimama akiwa amekunja mgongo, ubavu wa kushoto umejaa. Hakucheua. Alikuwa akiharisha majimaji yenye harufu ya uchachu, na ndama aliposogea kunyonya alimpiga teke, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimwita mama. Alikuja taratibu na fimbo yake, akamtazama ng'ombe kuanzia kichwani mpaka mkiani.

"Jana alikula nini?"

"Pumba, mama. Makopo mawili, kama ulivyosema."

Hakuniuliza mara ya pili. Aliniambia nimpigie simu mtaalamu wa mifugo wa kata, kisha akataka kibao chake akaketi karibu na ng'ombe. Mtaalamu alikuwa kijiji kingine na alituambia tumsubiri. Tukamsubiri asubuhi nzima. Kabla ya saa nne ng'ombe alilala chini, akageuza shingo na kuweka kichwa ubavuni. Nilimfunga ndama kwenye nguzo ya jiko, naye akawa analia bila kupumzika. Mama alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nikifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Mtaalamu alifika karibu na adhuhuri kwa pikipiki. Ni binti wa makamo yangu. Alimwamkia mama, akapiga magoti, akabonyeza ubavu wa ng'ombe kwa ngumi, akasikiliza tumbo, akampima joto. Aliuliza mnyama alikula nini. Mama akajibu kwa niaba yangu, pumba makopo mawili. Binti akakunja uso. Alisema kwa chakula hicho tumbo lisingekuwa hivi, basi huenda ni ugonjwa mwingine, na dawa zake ni tofauti kabisa. Akafungua sanduku, akaanza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Niliitazama ile sindano ikijaa.

"Alikula mahindi," nikasema. "Ya kuvunjwa. Beseni zima, halafu nikamwongezea nusu."

Mtaalamu aliiweka sindano chini. Aliniuliza beseni la ukubwa gani, saa ngapi, na kama alikunywa maji baadaye. Nilijibu yote. Sikuthubutu kumgeukia mama. Nilisikia fimbo yake ikikwaruza ardhi, basi.

Kazi iliyofuata ilikuwa yangu, kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye magoti mazima. Nilikumbatia kichwa cha ng'ombe huku binti akipitisha mpira mdomoni mpaka tumboni na kumimina maji ya uvuguvugu yenye unga mweupe wa kuua asidi iliyoletwa na mahindi. Alimchoma sindano nyingine. Akasema asipewe nafaka wala pumba, mabua tu na maji, na kama atasimama kabla ya jua kuzama tuwe na matumaini.

Ndama alikuwa bado analia. Mama akaniambia niende kwa wifi nikaombe maziwa. Nilikwenda na chupa. Wifi aliniuliza kulikoni, nami nikamweleza kama nilivyomweleza mtaalamu. Aliingia ndani, akanijazia chupa. Nilipofika njiani aliniita kunikumbusha nirudi na jioni.

Alasiri, wakati wa adhana, ng'ombe aliinua miguu ya nyuma akaanguka. Akapumzika. Alipojaribu tena mama alisema, "Mshike mkia umsaidie." Nilivuta mkia kwa nguvu zangu zote, bega langu likiwa chini ya nyonga yake iliyochongoka, mpaka nikahisi uzito wake unaniacha. Akasimama, akitetemeka.

Siku ya tatu alicheua. Tulikuwa tumekaa sote wawili tukimtazama, na taya lake lilipoanza kuzunguka mama alishusha pumzi. Ndipo akalitaja jambo lile.

"Mahindi ningekusamehe palepale. Uliponiambia pumba, tulipoteza asubuhi nzima tukisubiri, nami ningeweza kumnywesha maji ya magadi."

Nilimwomba radhi. Akaitikia kwa kichwa, akaniambia nikachote maji.

Tangu siku ile, kila wakati wa kulisha alikuja kuketi mlangoni pa banda, akiangalia mkono wangu. Tulianza na konzi moja ya pumba, tukakaa nayo siku nne, ndipo ikawa mbili. Nilishuka bondeni kutafuta matembele na kurudi na mzigo kichwani, naye alikagua kila fungu. Ilinichoma, lakini kesho yake nilishuka tena.

Mume wangu aliporudi alishangaa kumkuta ndama akinyweshwa maziwa ya chupa. Mama alimwambia ng'ombe aliumwa tumbo akapona. Ningeweza kuyaacha hapo. Tulikuwa tunakula mchana, ugali na mlenda, nikamwambia mimi ndiye niliyempa mahindi, na kwamba nilimdanganya mama. Aliacha kula. Akamgeukia mama kumuuliza kama alikuwa anajua.

"Najua," mama akasema. "Kula, ugali unapoa."

Mvua zilipokuja, ng'ombe alitoka kwenda malishoni na wenzake, mgongo ukaanza kufunikwa na nyama. Maziwa hayakuwa mengi msimu ule, lakini ndama alirudi kunyonya na akakua. Sasa ndama huyo ana zaidi ya mwaka, majuzi ameanza kutafuta dume, na mama anasema tumzuie kwanza. Bado ni mdogo, na kiangazi kiko mbele.