Nepi za Kibanjani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu. Sogea hapa mkekani, mlaze mtoto kifudifudi, mvue hiyo pampasi apate hewa, kisha unisikilize. Tangu uliposhuka kwenye pikipiki ukitokea Nkwenda nilikuona una jambo, na tulipokuwa jikoni ukalitoa. Makalio ya mtoto yamechubuka na kuota vipele, na wewe umeshaamua kwamba ni yule mama anayeuza nyanya mbele ya nyumba yenu, kwa kuwa anapenda kumbeba na yeye hana wa kwake. Umesema hata mumeo umeshamwambia. Niliposikia hivyo nilishindwa kuendelea kumenya ndizi. Sikukujibu palepale kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mdomo wangu hauna breki, unanijua.

Nilikuwa bado binti mbichi nilipoolewa hapa Nyakasimbi. Kwetu Kyerwa sisi ni watu wa ng'ombe, nyasi tupu mpaka macho yachoke. Huku nikakuta kibanja kimeizunguka nyumba, migomba imebanana hata saa sita mchana ndani yake kuna giza. Baba mkwe wako, Mungu amlaze pema, wakati huo alikuwa kijana wa kuzunguka na biashara ya kahawa, leo yuko Bugomora, kesho hujui yuko wapi. Mwenye sauti hapa nyumbani alikuwa mama yake. Mama mkwe wangu hakuwa mtu mbaya, nataka hilo ulijue mapema. Nilipojifungua alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji kwa mkono wake, akanikataza hata kuinua ndoo. Lakini akishasema, amesema.

Mtoto mwenyewe alikuwa shemeji yako Anselimu, huyohuyo mwenye kitambi anayekutania kila Krismasi. Ukimwona leo huwezi kuamini kwamba niliwahi kumshika mikononi nikidhani ananiponyoka.

Jirani yetu wa upande wa barabarani aliitwa Ma Yustina, mjane aliyetokea Muleba, Mlutheri, fundi cherehani. Hakujaliwa mtoto. Mimi nilikuwa mgeni, Kinyambo cha huku nilikisema kwa lafudhi ya kwetu wakanicheka, na yeye kwa kuwa naye alikuwa wa kuja alinihurumia. Nilipojifungua alinunua kitambaa cheupe cha marekani, akakikata, akakipinda kingo zote kwa cherehani, akaniletea nepi bunda zima. Mwanangu, siku hizo nepi ilikuwa mali! Wenzangu walichana kanga kuukuu. Mimi nilikuwa na nepi zilizopindwa, zenye pembe zilizonyooka. Ndiye aliyenifundisha kuzikunja pembetatu, kubana pini midomoni huku mikono yote miwili imemshika mtoto, na kupitisha vidole vyangu chini ya kitambaa ili pini ikiteleza inichome mimi, isimchome mtoto. Nikizifua kwa sabuni ya mche na kuzichemsha kwenye sufuria kuukuu zilikuwa nyeupe mpaka natamani watu wazione.

Kuziona ndiko kulikokatazwa. Mama mkwe aliamini kwamba mwenye jicho baya akiiona nguo ya mtoto mchanga amemwona mtoto mwenyewe. Wala hakuwa peke yake, wengi walishika hivyo. Wanawe yeye waliviringishiwa vitambaa viwili vitatu tu, akavikausha ndani juu ya moto. Zangu hazikuenea juu ya moto. Na ulikuwa msimu wa mvua. Basi akaniambia, "Peleka kibanjani, tandaza kwenye nyasi nyuma kabisa, mtu asizione." Unazijua zile nyasi kavu tunazotandika chini ya migomba ili ardhi isikauke. Hapo ndipo nilipotandaza nepi za mwanangu, kivulini, kwenye unyevu. Jioni nazikusanya zikiwa bado na ubaridi, nazikunja, namvika. Pasi hatukuwa nayo. Ya mkaa ilikuwa kwa Ma Yustina, ya kazi yake, na hakuna aliyefikiria kwamba nepi ni kitu cha kupiga pasi.

Mtoto alianza na uvimbe mdogo kwenye paja. Nikasema mbu. Ukaongezeka mwingine kiunoni, kisha makalio yote yakaota majipu mekundu yenye kitundu katikati, magumu, ya moto. Akawa analia kilio ambacho sikukijua, kile cha kukata ghafla kama mtu aliyechomwa, halafu anatulia, halafu anarudia tena. Akaacha kunyonya. Maziwa yananijaa mpaka blauzi inalowa, na mwenye maziwa yake hataki. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kwa namna ambayo mpaka leo nikisikia mtoto yeyote akilia hivyo naacha chungu motoni nikamtazame.

Mama mkwe alimgeuza, akamtazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Majipu yameishia wapi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Yameishia pale nepi inapoishia."

Nikatazama, na kweli. Juu ya kitovu, safi. Chini ya magoti, safi. Majipu yote yalikuwa mahali panapofunikwa na nepi.

"Na nepi alishona nani?" akauliza.

Hapo unaona jambo lilivyojipanga lenyewe? Hakuzusha kitu. Alitazama, akaona kitu cha kweli, kisha akakipeleka kwa mtu aliyekuwa tayari moyoni mwake. Mwanamke wa kuja, asiye na mtoto, kashona nguo za mtoto wa wenzake kwa mikono yake. Nilitaka kusema neno, nikasema, "Lakini mama, yeye ananipenda." Akanijibu, "Anakupenda wewe au anamtaka mtoto?"

Shemeji yangu Projestus, mdogo wa mume wangu, alikuwa anasikiliza mlangoni. Huyo alikuwa na nguvu nyingi na kazi chache, na siku hiyo alikuwa ameshapiga rubisi yake, pombe ya ndizi. Hakungoja atumwe. Kufumba na kufumbua amerudi uani na Ma Yustina, amemshika mkono juu ya kiwiko, na nyuma yake watu wa njiani wameanza kufuata, maana watu wakiona mtu anaburutwa huacha hata jembe. Ma Yustina alikuwa bado na futi ya kupimia shingoni.

"Fungua ulichofunga," Projestus akamwambia. "Fungua sasa hivi, la sivyo leo hulali kwenye kijiji hiki. Ile nyumba yako ni ya nyasi, unajua inavyowaka."

Hakuna aliyecheka wala aliyemwambia aache. Nilitazama nyuso za wale watu, watu ninaosali nao, nikaona wanangoja. Ma Yustina hakulia. Alimtazama mama mkwe, si Projestus, akasema kwa adabu ya kwao, "Waitu mama, mimi nilishona. Nilishona, basi."

"Utaona ulichoshona," mama mkwe akasema. Akaniambia nimlete mtoto.

Sikutaka kumleta. Nilimkumbatia, na yeye akaja akamchukua mikononi mwangu. Akakaa kwenye kigoda katikati ya ua, akamlaza mtoto kifudifudi mapajani, akafungua pini, akaivuta nepi ili watu wote waone. Wanawake wakaguna. Mmoja akaanza kusali. Projestus akamsogeza Ma Yustina mbele kwa nguvu mpaka akapiga magoti, akasema, "Tazama kazi yako!"

Tulikuwa tumeyatazama majipu yale chumbani tu, kwenye kiza. Pale uani jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Nilikuwa nimeinama kumshika mtoto kichwa asijigonge, na uso wangu ulikuwa karibu kabisa. Nikaona kile kitundu cha katikati kinafunguka na kufunga. Nikadhani ni machozi yangu. Nikajifuta, nikatazama tena. Ndani ya jipu kulikuwa na kitu cheupe, kinachungulia, kinarudi.

Kwetu mbwa wa machungani huwa na wadudu wa namna hiyo. Tangu utotoni niliwaona ndugu zangu wakiwakamua mbwa, wanawapaka samli kwenye kitundu mpaka funza akose hewa na kujitokeza. Lakini mbwa ni mbwa. Haikuwahi kuniingia akilini kwamba mtoto wa mtu anaweza kupatwa na kitu kilekile.

"Mama," nikasema, "ni funza."

"Funza gani?"

"Mama, wanatembea. Kamua hapa."

Nadhani alikamua ili kunionyesha kwamba mimi ni mjinga. Alibana kwa vidole gumba viwili, mtoto akapiga ukelele ambao naweza kuusikia hata sasa, na funza akatoka, mnene, mweupe, akabaki kwenye kucha ya mama mkwe akijinyonganyonga mbele ya watu wote.

Mama mkwe alimtazama yule mdudu. Kisha akainua macho, akatazama kibanjani, kule nyuma, na mimi nikajua ameshaelewa, kwa sababu uso wake ulizeeka palepale. Nzi hutaga kwenye nguo mbichi iliyotandazwa chini, mwanangu. Mayai hayaonekani. Ukimvika mtoto, joto la mwili linayaangua, na kifunza kinaingia kwenye ngozi.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kuniachia mimi mzigo, maana mimi ndiye niliyezianika, na hapo uani mimi sikuwa na ndugu. Lakini mama mkwe akauliza kwa sauti ambayo hata wa barabarani walisikia, "Nani alisema nepi zianikwe kibanjani?" Nikainamisha kichwa. Akajijibu mwenyewe, "Mimi. Ni mimi. Hakuna mchawi hapa."

Projestus akasema, "Lakini mama, huyo funza naye ametumwa na nani?"

"Ametumwa na ujinga wangu," akamwambia. "Mwachie huyo mama mkono. Na nyinyi wengine, nendeni makwenu."

Tulishinda uani tunampaka Anselimu samli na kumkamua, mmoja baada ya mwingine, mimi nimeshika, mama mkwe anabana, sote wawili tunalia. Jioni alinyonya. Siku ya pili mama mkwe alimlazimisha Projestus akafunga waya mbele ya nyumba, ukitazama barabara, na nepi zikaning'inia juani watu wakipita wanaziona. Ikabaki pasi. Nepi zilitakiwa kupigwa pasi ya moto, pande zote mbili, mpaka kwenye pindo, na pasi ilikuwa moja tu hapa jirani.

Nilikwenda mimi. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikabisha, nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Ma Yustina akaitikia. Nikamwambia ninalotaka. Akaingia ndani, akatoka na pasi ikiwa na mkaa unaowaka tayari, akaiweka kizingitini. Akasema, "Pasi chukua, kila siku njoo uchukue. Ila mtoto usiniletee."

Na kila siku alinipa. Hakuninyima hata mara moja. Mama mkwe alikwenda kwake na mkungu wa ndizi na pombe, na wazee wawili, akamwomba radhi kwa magoti yake yaliyokuwa yakimuuma. Ma Yustina akasema amesamehe, na naamini alisamehe, maana tulizikiana na tulisaidiana kulima. Lakini Anselimu alipoanza kutembea alimpenda sana yule mama, watoto hawajui mambo yetu. Alikuwa anamkimbilia barabarani amempanulia mikono anataka kubebwa, na Ma Yustina anasimama, anamtabasamia, na mikono yake anairudisha nyuma ya mgongo na kuishikanisha huko. Hivyo mpaka alipohama kurudi kwao. Majipu ya mwanangu hata kovu hayakuacha.

Basi mwanangu, ninalokuambia ni hili. Mtoto akiumwa, kabla hujauliza ni nani, uliza ni nini. Mtazame kwenye mwanga. Tazama kilichomgusa, alicholalia, alichovaa na amekivaa tangu lini. Hiyo pampasi umemfunga Nkwenda alfajiri, umefika nayo hapa mchana, ukanisifia kwamba haivuji. Haivuji nje, ndiyo. Ndani mtoto ameoga mkojo wake safari nzima! Mbadilishe mara kwa mara, mwache wazi apigwe na upepo, vipele visipoisha mpeleke zahanati. Na ukitumia nepi za kitambaa, zianike juani, juu ya kamba, uzipige pasi.

Na jina la mtu usilitaje mahali penye mtoto mgonjwa. Ukishalitaja huna uwezo tena wa kulirudisha, na mumeo ana marafiki, na marafiki wana midomo. Leo usiku usilale kabla hujampigia simu ukamwambia ulikosea. Kesho ukifika Nkwenda, kabla hujafungua mlango wako, pita kwa yule mama wa nyanya, umwekee mtoto mikononi, na ukae hapo mpaka yeye mwenyewe akurudishie.

Mungu akulindie huyu mtoto, mwanangu. Ampe ngozi safi, usingizi mzuri na mikono mingi ya kumbeba. Nawe akupe jicho la kuona upesi na ulimi wa kusema polepole. Nenda na amani, wewe na nyumba yako.